Vichwa Vitatu vya Maji

Siku ya saba

Mpaka wanafika kwenye lango la Ras Mkwaju, Eliwaza Msengi alikuwa amekwisha kuikataa miji miwili, na mumewe alikuwa amekwisha kuchoka kusikia sababu zake. Kibali chao cha kuhamia pwani kilikuwa cha siku tisa. Siku ya tisa ikipita hawajataja mji, wangerudishwa Singida kwenye vumbi, na jina lao lingeanza upya mwisho wa foleni.

Mji wa kwanza, Mtondoo, ulijificha nyuma ya ukuta wa zege mrefu kama mnazi. Mtu wa dirishani aliwaambia kwa upole kwamba nafasi iliyo karibu ni ya miaka kumi na moja ijayo. Wa pili, Kiwambo, haukuwa na ukuta wala dirisha. Anayetaka anaingia, anatafuta kiwanja, anajenga. Yona alipapenda papo hapo. Alikuwa fundi wa paneli za jua, na kila paa aliloliona kule lilikuwa tupu.

Lakini Eliwaza alikuwa fundi wa visima, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili, na popote alipofika jambo la kwanza lilikuwa kutumbukiza kipimo chake cha chumvi ndani ya ndoo ya mwenyeji. Kipimo kiliandika elfu mbili na mia tisa. Maji ya mtoto hayatakiwi kuvuka mia sita. Wanawake wa Kiwambo walipika wali na mchuzi bila kugusa kopo la chumvi. Asubuhi ya nne alipita zahanati, akaona foleni ya watoto wa miaka mitatu, minne, nyuso zimevimba kama za watu waliotoka kulia. Muuguzi alimwambia, "Mafigo," kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Walikuwa na watoto wawili. Zilipa, wa miaka sita, kifua chake kilikuwa kimeshindwa na vumbi la Singida, na kwa miaka miwili alikuwa akilala ameegemezwa mito kama mgonjwa mzee. Amosi alikuwa na miezi minane. Nyumbani kulikuwa na maji bila hewa. Kiwambo kulikuwa na hewa bila maji. Ndivyo Eliwaza alivyomweleza Yona njia nzima, mpaka Yona akamwambia kwamba ameelewa, na kwamba alielewa tangu juzi.

Juu ya lango la Ras Mkwaju palikuwa na ubao wenye namba mbili zinazowaka. Ya juu ilisema 4,116. Ya chini nayo ilisema 4,116.

Aliyewapokea ni Bwana Mwinyikombo, ofisa wa halmashauri, kijana mwembamba mwenye adabu, kanzu yake imepigwa pasi. Alimpa Yona mkono, akamwinamia Zilipa, akamuuliza jina.

"Namba hizo ni za nini?" Yona aliuliza.

"Ya juu ni vichwa ambavyo ardhi yetu inaweza kuvinywesha. Ya chini ni vichwa tulivyonavyo. Mtu mzima ni kichwa kizima, lita arobaini kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka saba ni nusu. Ninyi ni vichwa vitatu."

"Zinalingana," Eliwaza alisema.

"Zinalingana," Mwinyikombo alikubali, akatangulia njia.

Eliwaza alikuwa amewahi kusoma kuhusu Mzani, mtambo unaolinganisha maji ya mji na watu wake, lakini hakuwahi kuuona ukifanya kazi. Chini ya mji ule hapakuwa na mto wala ziwa. Palikuwa na mvua ya zamani iliyopenya kwenye mawe ya matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wenye mji walikuwa wamezamisha sindano mia mbili na arobaini ardhini, nyembamba kama sindano za kushonea makoti, na kila moja ilisoma mahali ambapo tamu inakutana na chumvi, mchana na usiku. Akitembea nyuma ya ofisa, Eliwaza alimweleza mumewe kwa sauti ya chini kwamba maji yale ni ya hila. Yakishuka kidole kimoja juu, chumvi inapanda vidole arobaini kutoka chini. Huwezi kuiba kidogo. Kidogo ni kingi.

"Kwa hiyo hawatanii," Yona alisema.

"Hawatanii."

Nyumba waliyopelekwa ilikuwa ya chokaa, vyumba vitatu na ua, na ilikuwa na wenyewe ndani. Mwanamke mnene wa miaka sabini hivi alikuwa ameketi uani, amelifungua jokofu kuukuu na kulitandaza vipande vipande juu ya gunia. Aliitwa Bi Kirembo. Maisha yake yote alikuwa fundi wa majokofu ya samaki, na vidole vyake viwili vilikuwa vyeupe mahali gesi ilipovichoma. Mumewe, Mzee Shee, alikuwa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, mikono magotini, akivuta pumzi kwa kuhesabu. Ndani alikuwamo Mishi, dada wa Mzee Shee, akikunja nguo.

"Shikamooni," Eliwaza na Yona walisema pamoja.

"Marahaba. Karibuni. Mishi, wape wageni maji."

Bomba lilipofunguliwa, namba ndogo iliyokuwa juu yake ilipungua kwa moja. Mwinyikombo aliitazama. Eliwaza naye aliitazama. Alielewa kwamba glasi ile ilikuwa imetoka kwenye lita za mtu, akainywa polepole, hakubakiza.

Walipotoka kuangalia paa, Mwinyikombo alieleza lililobaki bila kuficha. Kila mwaka halmashauri hutafuta nyumba isiyo na mtu wa chini ya miaka sitini, kwa sababu mji unahitaji mikono. Wenye nyumba hiyo huunganishwa na familia changa inayotoka bara, jozi kwa jozi, vichwa kwa vichwa. Mishi alikuwa anakwenda kwa mwanawe Morogoro, hilo lilikuwa tayari. Bi Kirembo na mumewe wangekwenda Singida, kwenye nyumba ambayo Eliwaza na Yona walikuwa wameiacha.

"Nyumba yetu?" Yona aliuliza.

"Iko tupu, ina maji. Kwa Mzani hiyo ndiyo haki. Lakini hatumfukuzi mtu. Keshokutwa saa nne asubuhi kila mmoja anatia dole gumba kwamba ameridhia. Mmoja akikataa, jozi inavunjika." Alikwaruza chokaa kwa ukucha. "Bi Kirembo hajasema ndiyo wala hapana. Mimi bara sijawahi kufika. Ninyi ndio mnaopajua. Mkimpa moyo, itasaidia."

Waliporudi uani walimkuta Zilipa amelala kwenye mkeka, kati ya vipande vya jokofu. Alikuwa amelala chali. Hakuwa na mto. Kifua chake kilipanda na kushuka bila ile sauti ya filimbi ambayo Eliwaza alikuwa ameizoea mpaka akawa haisikii isipokuwa ikikosekana. Alisimama akamtazama.

"Mtoto kachoka," Bi Kirembo alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye bisibisi yake. "Hebu niambie, Mama Zilipa. Huko kwenu hewa ikoje? Mume wangu ana kifua."

Eliwaza alifungua mdomo. Aliona dirisha la chumba chao cha Singida, wekundu uliojaa kwenye fremu kila asubuhi hata ukifuta mara tatu. Kisha akamwona binti yake mkekani.

"Ni kukavu," alisema. "Hakuna unyevu kabisa. Kifua hupenda pakavu."

Bi Kirembo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeweka kitu kabatini. "Haya. Hilo nalo ni jema."

Siku ya nane

Yona aliamka na uzi wa kupimia. Kabla ya chai alikuwa amekwisha kupanda kwenye paa la nyumba ya wageni, akihesabu pembe ya jua kwa ajili ya paa jingine ambalo halijawa lake. Alishuka akicheka. Eliwaza hakukumbuka lini alimwona akicheka kabla ya chai.

Yeye hakuweza kukaa. Alimfunga Amosi mgongoni akatoka. Alizunguka soko, akarudi, akazunguka tena upande wa pili. Watu walimsalimu vizuri. Mwanamke mmoja alimwuliza kama yeye ndiye mgeni wa nyumba ya Bi Kirembo, akasema ndiyo, na mwanamke akasema, "Mungu awape heri," akaendelea kuchagua bamia.

Ilipofika saa tano alikuwa amesimama kwenye kisima cha ukaguzi nyuma ya skuli, mahali ambapo fundi yeyote anaruhusiwa kushusha kipimo chake na kulinganisha na Mzani. Alijua anachokitafuta. Kama sindano zilikosea, kama ardhi ile ilikuwa na vichwa hata vitatu zaidi ya vile vilivyoandikwa, basi hapangekuwa na haja ya mtu kuondoka. Alishusha kamba mara nne, kwa vina vinne, akaandika mkononi kwa kalamu. Alipiga hesabu akairudia. Mzani ulikuwa sahihi. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa nusu kichwa upande wa hasara. Kazi ilikuwa safi kuliko yoyote aliyowahi kuifanya mwenyewe, na alisimama pale akiichukia.

Miguu ikampeleka kwenye nyumba ya chokaa.

Mzee Shee alikuwa amelala ndani. Mishi alikuwa amekwenda kuaga. Bi Kirembo alikuwa peke yake uani, na safari hii hakuwa na jokofu mbele yake. Alikuwa na kasha la bati, na pembeni yake rundo la mashuka.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Nisaidie kuamua. Mume wangu leo asubuhi ameniambia nisimchoshe, tukienda twende. Basi nafunga. Lakini kasha ni moja. Nichukue mashuka mazito au mepesi? Baridi ya huko ni ya namna gani?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, na Eliwaza alilijibu kabla hajajizuia.

"Chukua yote. Chukua ya zamani hasa. Utayahitaji ya kulowesha."

"Ya kulowesha?"

"Ya kutundika madirishani."

Bi Kirembo aliliweka shuka chini. Alikunja mikono juu ya tumbo, akamngoja.

Eliwaza akaketi kwenye ukingo wa kasha. Alianza kwa kusema kwamba si kila mwezi, kisha akaona kwamba hata hilo ni kukwepa, akaanza tena. Alimweleza kwamba kuanzia Juni mpaka Novemba upepo unabeba ardhi. Kwamba watu huziba milango kwa matambara majimaji, na asubuhi matambara yamekuwa tope. Kwamba Zilipa alizaliwa na kifua kizima, na sasa wana pampu tatu za dawa ya kuvuta, moja ya kila chumba. Kwamba katika mtaa wao wazee watatu walizikwa mwaka jana kati ya Agosti na Oktoba, na wote walikuwa wakitembea kwa miguu yao mwezi wa Mei.

"Kifua cha Mzee hakitavuka msimu mmoja," alisema. "Sidhani. Mimi si daktari, lakini sidhani."

Mgongoni Amosi alijinyoosha akatulia.

"Jana uliniambia pakavu," Bi Kirembo alisema.

"Ni pakavu. Nilikuambia nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile iliyonifaa mimi."

Bi Kirembo aliinuka kwa taabu, akaenda mpaka mlangoni akamtazama mumewe, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ungekaa kimya siku moja tu zaidi," alisema. "Kesho saa nne ningetia dole. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Sasa nenda, mwanangu. Nenda tu. Nisije nikakuambia neno."

Eliwaza alimwambia Yona alasiri ile, wakiwa kwenye baraza la nyumba ya wageni, Zilipa akichora kwa mkaa sakafuni. Alimwambia yote, na la Mzani pia, ili asibaki na tumaini la bure. Yona alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado ameushika uzi wa kupimia. Aliuzungusha kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheusi.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikukuuliza."

"Ningekuambia usiseme."

"Ndiyo maana."

"Mama Zilipa, umemchagua mzee usiyemjua ukamwacha mtoto wako."

Hakupaza sauti. Zilipa aliacha kuchora. Eliwaza alitafuta jibu, na kila alilolipata lilikuwa la mtu mwema kuliko alivyojisikia. Mwisho akasema ukweli uliokuwapo: kwamba aliliona lile kasha, na akajiona yeye analala kwenye vyumba vile vitatu kila siku ya maisha yake akihesabu miezi ya Singida. Juni. Julai. Agosti.

"Mimi ningelala," Yona alisema. "Nakuambia wazi. Ningelala usingizi mzuri, kwa sababu mwanangu angekuwa amelala." Akaufungua uzi, akauweka mfukoni, akashuka ngazi. Alirudi saa moja baadaye na samaki wa kukaanga wa Zilipa na wake mwenyewe, hakumletea Eliwaza, kisha akamkatia nusu ya wake bila kumtazama.

Siku ya tisa

Ofisi ya halmashauri ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu. Mwinyikombo alikuwa ameiweka tableti katikati, imefunguka kwenye ukurasa wa madole matano. Mishi alitia lake kwanza. Mzee Shee, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, alitia lake. Yona akatia, kwa haraka, kama mtu anayesukuma mlango anaojua umefungwa. Eliwaza akatia.

Bi Kirembo hakuinua mkono.

"Sitii," alisema. "Na usiniulize sababu, Mwinyikombo, sababu ninayo."

Ofisa aliwatazama wote, mmoja mmoja, na Eliwaza aliona macho yake yakisimama kwake muda mrefu kidogo. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyebeba trei ya mayai umbali mrefu na kuidondosha mlangoni. "Basi jozi imevunjika," alisema. "Mnisamehe. Basi la Singida linaondoka saa nane. Au mtaje mji mwingine, mna haki hiyo mpaka jioni."

"Kiwambo," Yona alisema. Alilisema kama jina la ugonjwa.

"Ngoja kwanza," Bi Kirembo alisema. "Wifi yangu anaondoka, mimi nisipoondoka. Kichwa chake kinakwenda wapi?"

"Kinarudi kwa Mzani."

"Papo hapo?"

"Magharibi."

"Na kabla ya magharibi ni cha nani?"

Mwinyikombo alifungua kanuni kwenye ile tableti, akasoma kwa midomo, akarudi juu akasoma tena. "Ni cha nyumba," alisema taratibu. "Mwenye nyumba anaweza kumtaja atakayekaa naye. Haijawahi kutokea. Watu hutaja ndugu."

"Kichwa kimoja ni watoto wawili. Waandike hao. Zilipa, na huyo wa mgongoni."

Bi Kirembo alimgeukia Eliwaza, na uso wake haukuwa wa huruma hata kidogo. "Sikufanyii hisani. Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo muda. Ulikuwa tayari kumzika mume wangu. Lakini ulirudi ukasema, na mtoto alilala kwenye mkeka wangu. Siwezi kujifanya sikumwona."

"Amosi ananyonya," ndilo pekee lililomtoka Eliwaza.

Mwinyikombo alikuwa bado anasoma. Kidole chake kilisimama. "Kuna kifungu," alisema. "Anayenyonya hufuata ziwa la mama popote alipo, na maji yake humfuata, mpaka atimize miaka miwili. Kila wiki unaweza kuja kuyachukua. Lita ishirini kwa siku, mara saba. Madumu saba. Kifungu hiki kiliandikwa kwa ajili ya wajane, nadhani. Lakini hakisemi wajane."

"Na wa miaka sita?" Yona aliuliza.

"Wa miaka sita hunywa alipo. Maji yake hayatoki langoni. Anakaa humu, au hana."

Walitoka nje wakaketi ngazini. Jua lilikuwa kali, na mji uliendelea na mambo yake: mtu alisukuma mkokoteni wa vitunguu, bomba fulani lilifunguliwa likafungwa. Kutoka pale mpaka Kiwambo ni mwendo wa saa tatu kwa lori. Kila wiki siku moja. Eliwaza alihesabu siku sita zilizobaki, akaziona kama chumba kisicho na dirisha.

Alidhani Yona angesema ndiyo mara moja. Ni yeye aliyekuwa na hakika jana. Lakini Yona alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti.

"Mimi niliyekuwa nasema ningelala," alisema. "Sasa nimwache mwanangu kwa mama wa watu ambaye hata hatupendi."

"Hatupendi sisi. Zilipa hajamkosea kitu."

"Atalia."

"Atalia."

"Atasahau?"

Eliwaza aliwaza Kiwambo kwa pamoja, wote wanne chini ya paa moja, na nyuso za foleni ile ya zahanati. Aliwaza basi la saa nane, Zilipa na mito yake. Kila njia ilikuwa na mtoto anayelipa, na hii ilikuwa pekee ambayo mtoto alilipa kwa machozi tu. Alilisema hivyo hivyo, maana hakuwa na njia nzuri zaidi ya kulisema. Yona alikaa. Kisha akainuka, akaingia ndani, na kupitia mlango uliokuwa wazi Eliwaza alimwona akipiga goti mbele ya Bi Kirembo na kumwonyesha jinsi pampu ya kifua inavyoshikwa, dole gumba chini, kidole cha pili juu, mtoto avute akihesabu mpaka nne. Bi Kirembo aliichukua akaigeuza, akaitazama vali yake kwa jicho la fundi, akafuata alivyoonyeshwa.

Zilipa walimwambia wote wawili. Yona alianza, akashindwa, Eliwaza akamaliza. Mtoto aliuliza kama ni kwa sababu anakohoa. Wakasema ndiyo. Akasema basi ataacha kukohoa. Lori la Kiwambo lilipoondoka alikuwa amemshika Bi Kirembo kanga kwa mikono miwili, akilia kwa sauti iliyowafuata mpaka kona, na Eliwaza, pamoja na yote, aliisikiliza sauti ile na kutambua kwamba ilikuwa ndefu, pumzi baada ya pumzi, bila kukatika.

Wiki ya pili

Wiki ya kwanza lori liliharibika, na kijana mmoja wa halmashauri ndiye aliyewapelekea Kiwambo madumu saba. Kwa hiyo zilipita siku kumi na tatu kabla Eliwaza hajasimama tena chini ya ule ubao wa namba. Alikuwa na Amosi mgongoni, madumu matupu yamefungwa kamba, na chupa yake mwenyewe ya maji ya Kiwambo, kwa kuwa mgeni wa siku moja hana fungu. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka pembeni. Yona alikuwa amesimamisha nguzo nne na paa, na kila jioni walichimba pamoja mtaro wa kukusanya mvua, wakizungumza kuhusu mtaro tu.

Njia nzima kutoka langoni alitembea upesi, kisha karibu na nyumba ya chokaa akapunguza mwendo bila kutaka.

Aliwasikia kabla hajawaona. Bi Kirembo alikuwa akisema, "Hiyo siyo, hiyo ya kumi. Nipe ya nane," na sauti ndogo ikajibu kwamba ya nane imeviringika chini ya jiko. Kisha miguu ikakimbia. Ilikimbia kutoka uani mpaka jikoni na kurudi, na haikusimama katikati. Eliwaza aliisikiliza kutoka nje ya ukuta.

Alipoingia, Mzee Shee alimwona kwanza akainua mkono kutoka kitini. Bi Kirembo alisema, "Umefika," akaendelea kukaza nati. Zilipa alisimama na spana mkononi. Alikuwa amesukwa nywele kwa namna ambayo Eliwaza hakuijua. Hakumkimbilia. Alimtazama mama yake, akayatazama madumu, akahesabu kwa macho.

"Umekuja kunichukua mimi," aliuliza, "au umekuja kuchukua maji?"

Bi Kirembo aliacha kukaza. Hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama juu ya chuma.

Zilikuwapo nusu nyingi za kusema. Eliwaza alizijua zote, na mojawapo ingemfanya mtoto atabasamu mpaka jioni.

"Maji," alisema. "Leo nimekuja kuchukua maji ya mdogo wako. Na kukuona. Kisha nitaondoka, na wiki ijayo nitakuja tena."

Zilipa aliiweka spana juu ya gunia, mahali pake, kati ya nyingine. Akaja taratibu mpaka kwenye bomba, akachuchumaa. Akaushika mpira wa maji kwa mikono miwili, akauingiza kwenye mdomo wa dumu la kwanza, akaubana vizuri ili tone lisimwagike.

"Fungua," alimwambia mama yake.